"Kipimo Kimetoka Safi"

Juzi nimeisikia tena. "Dokta, EEG tumelipia, majibu yametoka safi, sasa mbona unasema ni kifafa?" Kaka mtu akaiweka bahasha mezani kwa kishindo. Ndani karatasi moja, mstari mmoja: hakuna kasoro iliyoonekana. Mdogo wake amekaa kimya pembeni, ubavuni mwa ulimi kidonda bado kibichi, alama za meno zinahesabika.

Jamani. EEG ya kawaida inafuatilia umeme wa ubongo kwa dakika 20 hadi 30. Kijana anaanguka mara moja kila miezi miwili. Ukichungulia dirishani nusu saa usione mvua, utatangaza kwamba huku hakunyeshi? Karibu nusu ya wenye kifafa cha kweli, kipimo chao cha kwanza hakionyeshi kitu. Ukirudia, hasa mgonjwa akiwa amekesha na akasinzia nyaya zikiwa kichwani, wengi zaidi hunaswa. Wengine hawanaswi kamwe. Na kinyume chake kipo: kuna wazima wasiowahi kuanguka hata siku moja, na mchoro wao wa EEG una miiba, zile alama kali tunazozitafuta kwa mwenye kifafa. Hans Berger aliurekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na karne imepita, lakini swali langu la kwanza bado halihusu mashine. Nani alimwona akianguka?

Mgonjwa mwenyewe hajui, ni kama hakuwepo. Namtaka aliyekuwa karibu. Macho yalikuwa wazi au yamefumba? Alikakamaa kwanza ndipo akatikisika? Ulianza mkono mmoja? Alipozinduka alikutambua papo hapo, au alikaa nusu saa akirudia swali lilelile? Kujikojolea, jambo ambalo kila mtu hukimbilia kunitajia, kunanisaidia kidogo sana, kwa sababu hata aliyezimia tu anaweza kujikojolea. Ulimi uliong'atwa ubavuni una uzito zaidi.

Kuzimia ndiko kunakotuponza. Mtu amesimama muda mrefu, amepauka, jasho jembamba linamtoka, anadondoka, mikono inarukaruka sekunde kadhaa, na tayari watu wameshasema kifafa. Mara nyingi ni damu tu iliyopungua kichwani. Lakini aliyedondoka katikati ya mbio, au ambaye kwao kuna kijana aliyekufa ghafla, huyo apimwe umeme wa moyo siku hiyohiyo. Nilipokuwa mchanga kazini nilimpa mtu dawa za kifafa kwa miezi, kumbe tatizo lilikuwa mapigo ya moyo. Hilo bado linaninyima usingizi.

Halafu kuna degedege zisizotokana na umeme wa ubongo: macho yamefumbwa kabisa, kichwa kinakwenda kushoto na kulia, dakika 20 nzima. Siyo maigizo, na naomba wenzangu waache kuwasema hivyo wagonjwa. Mtu mmoja anaweza kuwa na aina zote mbili, na hapo hata mimi hukwama.

Visababishi vingine nitavitaja haraka: sukari au sodiamu (chumvi) ya damu kushuka, pombe iliyoachwa ghafla, homa ya uti wa mgongo, malaria ya ubongo, mabuu ya tegu wa nguruwe, kiharusi, uvimbe, jeraha la zamani la kichwa, dawa ya maumivu ya tramadol. Degedege moja ya sukari kushuka siyo kifafa. Kifafa tunakiita hivyo mtu akianguka mara mbili bila kichochezi, zaidi ya saa 24 zikiwa zimepita katikati, au mara moja tu ikiwa tunaona uwezekano wa kurudia ni mkubwa. Na baada ya kupima kila kitu, kwa karibu nusu ya wagonjwa duniani chanzo hakijulikani. Naandika hivyo kwenye faili bila aibu, kisha naanza dawa, maana dawa haisubiri tujue chanzo.

Degedege ikizidi dakika 5, ikirudi kabla mtu hajazinduka, akiwa mjamzito, ana kisukari, ameumia kichwa, imemkuta majini, au ni mara yake ya kwanza: hospitali, sasa hivi. Mlaze ubavu, angalia saa. Kuhusu kijiko mdomoni sitaki hata kuanza. Usiweke kitu.

Basi yule kaka, nilipomaliza hotuba yangu ya mashine, akatoa simu. Video ya sekunde 40. Macho wazi, kichwa kinageukia kulia, mkono wa kulia unaanza kuruka, kisha mwili wote.

"Mbona hukunionyesha tangu mwanzo?"

"Hukuniuliza, dokta. Ulikuwa unanieleza habari za mvua."