Anthropolojia ya kihistoria: kuisoma Bagamoyo katika karatasi za watu

Anthropolojia ni elimu ya jinsi watu wanavyoishi: wanaoana vipi, wanarithishana nini, nani humwamkia nani kwanza. Kwa kawaida mtafiti huenda akakaa nao, akaona na kuuliza. Kama watu wenyewe walishazikwa zamani, maswali hubaki yale yale, ila huulizwa karatasi walizoacha: barua, wasia, hati ya deni, talaka, daftari la hesabu. Hiyo ndiyo anthropolojia ya kihistoria.

Bagamoyo inafaa sana kwa kazi hii. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kutoka Tabora na Ujiji ilishukia hapa, na sehemu kubwa ya biashara ile ilikwenda kwa mkopo. Mkopo hutaka maandishi, na watu wa pwani walikuwa tayari wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Tuseme umepewa hati ya deni. Anayefuatilia vita na utawala ataangalia tarehe; akikuta 1306 ya Hijria atajua ni mwaka ulioanza Septemba 1888, pwani ikiwa kwenye vita vya Abushiri na Wajerumani. Mwanaanthropolojia hatosheki na hapo. Kilichowekwa rehani ni nini: nyumba, minazi, au mtumwa? Mkopaji ametajwa kwa jina la baba yake au la bwana wake? Nani wameitwa kuwa mashahidi, na kwa nini hao? Mtu asiyejua kuandika alimwendea katibu, basi maneno yaliyomo ni ya nani hasa?

Hati ile haikuandikwa ili kumfundisha mtu desturi, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Mwaka 1903 kilichapishwa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, alichokikusanya Mjerumani Carl Velten, na mchango mkubwa ni wa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Ni kazi adhimu, naipenda mno. Lakini mtu ukimuuliza desturi, aghalabu atakueleza mambo yanavyotakiwa yawe. Barua ya kaka anayedai sehemu yake ya urithi kwa mara ya tatu inaonyesha yalivyokuwa.

Kuzisoma si kazi nyepesi. Herufi za Kiarabu hazina p, waandishi wengi wa zamani waliiacha m au n inayotangulia konsonanti, na e na i zilitumia alama moja. Kwa hiyo “pembe” huweza kuonekana sawasawa na “bibi”. Inabidi usome sentensi yote: kikipimwa kwa frasila, kile kipimo cha zamani cha uzito, ni pembe.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko wa hati za Kiswahili za namna hii, lakini karatasi za kifamilia bado zinaweza kuwa majumbani, ndani ya makasha. Ukiwa nayo, usiibandike selotepu wala kuipeleka kutiwa plastiki. Gundi na joto huiharibu. Ipige picha pande zote mbili, maana nyuma huenda pana hesabu au jina la mpokeaji. Kisha waulize wazee ilitoka kwa nani na ilikaa nyumba gani, uyaandike majibu yao kwenye karatasi nyingine, uziweke pamoja.