Maji ya Ruvu hayapotei baharini, na mengine tunayoyasema Bagamoyo

Juzi nimekaa soko la samaki nasubiri ngalawa zirudi, wazee wanabishana kuhusu mgao wa maji, mmoja akasema kwa uchungu kabisa, maji yote haya ya mto Ruvu yanamwagika baharini bure na wenzetu Dar wanalala na ndoo tupu. Karibu wote wakaitikia. Mi hiyo kauli nimeisikia toka mdogo, nyumbani, shuleni, mpaka kwenye mikutano, na naona ndo dhana inayotuumiza kuliko zote kwa hiyo naanza nayo.

Eti maji yakifika baharini yamepotea.

Hayajapotea, yameenda kazini. Chukua kamba wa baharini, hawa hawa wanaotulipia ada za watoto hapa Bagamoyo. Kamba mkubwa anataga baharini, watoto wake ni wadogo mno, wanasukumwa na mkondo na maji kujaa mpaka wanaingia mlango wa mto, pale Ruvu au kule Wami, wanajificha kwenye mizizi ya mikoko na matope laini ambapo samaki wakubwa hawafiki, wanakula na kukua miezi kadhaa ndo wanatoka tena baharini kama kamba wa kuvuliwa. Sasa pale mlangoni panahitaji maji ya chumvi na maji baridi yachanganyike. Mto ukileta maji unaleta na tope lenye rutuba kutoka milima ya Uluguru, unaleta chakula. Ndo maana mvuvi yeyote wa hapa atakwambia masika ikinyesha vizuri kamba wanakuwepo na masika ikikataa mwaka huo ni wa shida, wao wanalijua hili kuliko kitabu, ila hatuliunganishi na yale maneno ya maji kumwagika bure.

Halafu kuna chumvi yenyewe. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto kwa hiyo yanapita chini chini yakipanda juu mtoni, na kinachoyazuia ni nguvu ya mto tu, hamna ukuta pale. Mto ukidhoofika chumvi inapanda, inaingia visimani, inaingia mashamba ya mpunga. Wenzetu wa Pangani wameanza kulia kabla yetu, mto wao una bwawa la Nyumba ya Mungu toka miaka ya 1960, una mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, una mashamba ya kumwagilia huko juu kote, na watu wa mlangoni wanalalamika chumvi imepanda mpaka kwenye minazi. Sisi Ruvu unachotwa kwenye mitambo ya maji ya Ruvu Juu pale Mlandizi na Ruvu Chini huku huku wilayani kwetu, mwishoni mwa 2022 mvua ziligoma mto ukashuka mpaka Dar ikaingia mgao. Simaanishi watu wa Dar wasinywe maji, hapana, kila mtu ana ndugu Dar. Nachosema ni kwamba hata Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kiasi fulani kibaki mtoni kwa mahitaji ya lazima ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe, kabla ya kugawa kwa matumizi mengine, kwa hiyo yale maji yanayofika mlangoni yana haki kisheria. Mtu akiomba kibali cha kuvuta maji kwa pampu awekewe hiyo hesabu mezani.

Eti bahari ni kubwa, haichafuki.

Bahari kuu labda ndo wanayoiwaza. Mlango wa mto si bahari kuu. Maji pale yanapwa na kujaa mara mbili kwa siku, kilichotoka asubuhi kinaweza kurudi jioni, kinazunguka humo humo kwenye vijito vya mikoko, na wakati wa maji mafu, siku bahari haijai wala kupwa sana, ndo hata kusukumwa hakusukumwi sawasawa. Tope linashika uchafu, chaza na kaa wanaishi ndani ya hilo tope. Na uchafu wenyewe hautoki Bagamoyo peke yake. Mto Ngerengere unapita Morogoro mjini halafu unaingia Ruvu. Wami unakusanya maji kutoka upande wa Dodoma, unapokea mito ya Morogoro, unapita maeneo ya miwa ya Mtibwa ndo unatokea baharini pale Saadani. Yaani mtu anamwaga dawa ya shamba huko Turiani hajawahi kuiona bahari maishani mwake, lakini amefika kwetu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019 na kweli imepungua sana ufukweni, inaonekana kwa macho, ila maji ya vyoo hayaonekani kwa hiyo hayasemwi.

Hili la vyoo linaniuma kwa sababu najua wapi tunakosea. Tunajenga karibu na maji, tunachimba shimo kwenye mchanga, maji yapo mita chache tu chini, mvua kubwa ikija kila kitu kinaungana. Watoto wanaogelea hapo hapo.

Eti wavuvi ndo wamemaliza samaki.

Hapa ni nusu ukweli na nusu kuonea watu. Kokoro linalokokotwa ufukweni linaharibu, tusidanganyane, linakomba mpaka watoto wa samaki kwenye majani ya bahari, na limekatazwa. Baruti ndo usiseme, jiwe la matumbawe ni mdudu hai aliyejenga nyumba yake taratibu mno, unalivunja kwa sekunde moja na mjukuu wako hataliona likirudi. Lakini tusisahau kwamba mwishoni mwa miaka ya 2000 serikali yenyewe ilisimamisha trola za kamba, yaani meli za kukokota nyavu, baada ya mavuno kushuka, sasa trola haikuwa ya mvuvi wa ngalawa. Na ukimfunga mvuvi leo halafu mto ukaendelea kukauka na mikoko ikaendelea kukatwa, kamba watakulia wapi? Vikundi vya BMU, vile vya wavuvi vya kusimamia ufukwe, vipewe meno vizuie nyavu mbaya, sawa, ila vipewe na kiti kwenye vikao vya bonde la mto kule Morogoro, kwa sababu huko ndo robo tatu ya mambo yetu inaamuliwa. Hiyo robo tatu ni kauli yangu mimi, sijaipima, ila ndo ninavyoona.

Kuhusu mchanga nipite haraka, wanaosema mchanga wa mtoni haumhusu mtu wa pwani waangalie ufukwe wetu unavyoliwa. Mchanga wa ufukweni mwingi uliletwa na mto.

Eti mikoko ikikatwa tunapanda mingine.

Kupanda ni vizuri na nimepanda mwenyewe, tumepiga picha, tumevaa fulana, tumechomeka vikonyo vya mkoko mia kadhaa kwenye tope wazi wakati maji yamepwa. Baada ya miezi michache hamna kitu. Baadae mjomba, alikuwa mkata boriti zamani, akanieleza kwa upole kwamba pale tulipopanda si mahali pa mkoko. Kila aina ya mikoko ina mahali pake, mlilana unakaa mbele unatazama bahari, mkoko wenyewe unapenda kingo za vijito, mkandaa na mchu vinavumilia huko nyuma kwenye chumvi kali ambako maji yanafika siku za bamvua tu, bahari inapojaa sana. Mikoko ikiwa imekosekana sehemu siku zote ujue kuna sababu, ama maji yanakaa sana, ama mawimbi yanang'oa, ama hapo ni pa majani ya bahari na samaki tasi wanakula hapo, wewe unaenda kuwaharibia.

Akanipeleka nyuma ya shamba la chumvi lililoachwa upande wa Nunge. Tuta lilikuwa limebomoka sehemu moja, upana wa mlango wa nyumba hivi, maji ya bamvua yanaingia na kutoka yenyewe, na humo ndani kumejaa michu midogo ya kufika kiunoni ambayo hamna mtu aliyeipanda, mbegu zimeletwa na maji. Upande wa pili wa tuta ambako halijabomoka ardhi ni nyeupe kwa chumvi, hata majani hakuna. Mjomba akasema watu wawili na jembe wangemaliza kazi ya kulifungua na upande huo kwa siku mbili, wanangojea tu ruhusa.