Kabla ya Kuihamishia Rails kwenye JRuby

Anayesimamia mfumo wa Rails (kiunzi cha kujengea programu za wavuti kwa lugha ya Ruby) katika ofisi ya Dar es Salaam kwa kawaida huuendesha kwa Ruby iliyoandikwa kwa lugha ya C, ingawa msimbo huohuo unaweza pia kuendeshwa na JRuby, ambayo ni Ruby juu ya mashine pepe ya Java. JRuby 10, iliyotoka mwaka 2025, inalenga Ruby 3.4 na inahitaji Java 21 au ya juu zaidi.

Kinachovutia hasa ni nyuzi, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya mchakato mmoja. Ruby ya kawaida ina kufuli linaloruhusu uzi mmoja tu kutekeleza msimbo wa Ruby kwa wakati mmoja, kwa hiyo seva yenye viini vinne huwekewa michakato minne ya Puma (seva inayopokea maombi ya wavuti), na kila mmoja hula RAM yake. JRuby haina kufuli hilo: mchakato mmoja hutumia viini vyote, na mstari wa „workers“, unaotaja idadi ya michakato katika faili la Puma, huondolewa.

Uhuru huo huibua makosa yaliyokuwa yamejificha. Chukua mfumo wa malipo unaotoa namba ya risiti kwa kuongeza moja kwenye kigeu cha darasa, yaani @@namba += 1. Walipaji wawili wakibonyeza kwa pamoja, wanaweza kupewa namba moja. Kazi hiyo iachiwe hifadhidata (na kusema kweli, ilipaswa kuwa huko tangu mwanzo).

Kikwazo kikubwa ni gem (maktaba za Ruby) zenye sehemu ya C, kwa kuwa JRuby haizikubali. Nokogiri, ya kusoma XML na HTML, ina toleo lake la Java, lakini pg, ya kuunganisha na hifadhidata ya PostgreSQL, haitafanya kazi. Mahali pake huwekwa activerecord-jdbcpostgresql-adapter, ambayo toleo lake hufuata la Rails: 61 kwa Rails 6.1, 70 kwa Rails 7.0. Binafsi huanzia hapo, kwani kama adapta ya toleo lako la Rails haijatoka, hakuna haja ya kuendelea na mengine.

Pia usiipime JRuby kwa dakika yake ya kwanza. Huchelewa kuwaka, na maombi ya mwanzo huwa mazito mpaka mashine ya Java igeuze sehemu zinazotumika sana kuwa msimbo wa kichakataji. Iache ipokee maombi kwanza, ndipo uandike vipimo. Na kwa amri fupifupi za mwandaaji programu, chaguo la --dev hupunguza kusubiri.