Je, wajua kwa nini Mathayo alinukuu maneno ya Hosea yasiyokuwa utabiri?

Kwenye mihadhara ya dini hapa Mombasa, mhadhiri aliyejiandaa hupenda kumfungulia Mkristo Hosea 11:1 na kumwambia asome: "Israeli alipokuwa mtoto, nalimpenda, nikamwita mwanangu atoke Misri." Akimaliza anaulizwa: Yesu yuko wapi hapo? Swali ni la haki. Hosea, nabii wa karne ya 8 kabla ya Kristo, alikuwa akikumbusha safari ya Kutoka, jambo lililokwisha kupita kitambo, na mstari wa pili unamlaumu mwana huyohuyo kwa kuabudu Mabaali. Hata hivyo Mathayo 2:15 inasema neno hilo lilitimia Yesu alipokimbiziwa Misri akakaa huko hadi Herode alipokufa.

Wengi hujikwaa kwa kung'ang'ania kuwa Hosea alitabiri. Hakutabiri. Mathayo anafanya jambo jingine: anamwonyesha Yesu akiipita upya njia ya Israeli. Zifuate sura zake kwa mpangilio. Sura ya 2, mwana anatoka Misri. Sura ya 3, anaingia majini, mtoni Yordani, kama taifa lilivyopita baharini. Sura ya 4, yuko jangwani siku 40, kule ambako taifa lilitangatanga miaka 40. Ibilisi anamjaribu mara tatu, na zote tatu anajibiwa kwa Kumbukumbu la Torati: 8:3 juu ya mkate, 6:16 juu ya kumjaribu Mungu, 6:13 juu ya kumwabudu yeye peke yake. Sura hizo ndizo Musa anazowakumbushia Waisraeli majaribu ya jangwani. Palipoanguka taifa, mwana huyu anasimama. Sura ya 5 anapanda mlimani kufundisha, na Sinai, mlima Musa alikopewa sheria, inakuja yenyewe akilini. Wakristo huuita usomaji huu wa kivuli na mwili, kwa lugha ya Wakolosai 2:17: jambo la kale ni kivuli, Kristo ndiye mwili wenyewe.

Si kila andiko husomwa hivyo. Mika 5:2 inataja Bethlehemu kuwa ndiko atakakotoka mtawala, na katika Mathayo 2 wakuu wa makuhani na waandishi ndio wanaomjibu Herode kwa mstari huo. Hapo hakuna kivuli, ni utabiri wa wazi.

Linaloharibu mambo ni ile tabia ya kukariri orodha ndefu ya mistari bila kufungua sura. Mathayo 27:9, kwa mfano, inamtaja Yeremia, lakini vipande 30 vya fedha na mfinyanzi viko Zekaria 11:12-13. Wafafanuzi wengi husema Mathayo ameunganisha Zekaria na Yeremia, aliyekwenda kwa mfinyanzi (sura ya 18) na kununua shamba (sura ya 32), akamtaja nabii mkubwa. Asiyejua hilo hunaswa mbele ya watu.

Tena usomaji huu ulianzia mwishoni, baada ya Yesu kufa na kufufuka. Katika Luka 24:21 wanafunzi wa njia ya Emau wamekata tamaa, kwa kuwa walitarajia mkombozi wa Israeli, si maiti. Maandiko wanafafanuliwa na Yesu mwenyewe baadaye, mstari wa 27.

Hapo ndipo Isaya 53, sura ya mtumishi anayeteswa, inayosikika Ijumaa Kuu makanisani kuanzia Likoni hadi Kisauni, ilipopata uzito wake. Anayedai kuwa Wakristo waliiandika baada ya tukio hana pa kushika: gombo la Isaya lililopatikana mwaka 1947 katika pango la Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, lilinakiliwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Yesu kuzaliwa, na sura hiyo imo.

Lakini gombo halisemi mtumishi anayeteswa ni nani. Rashi, mfafanuzi mkubwa wa Kiyahudi (1040–1105), alisema ni taifa la Israeli, na Wayahudi wana hoja nzito: Isaya 49:3 inamwita mtumishi huyo Israeli kwa jina. Mkristo naye husogea mistari miwili mitatu tu mbele, 49:5-6, ambako mtumishi huyohuyo anatumwa kumrudisha Israeli, akauliza: anayerudishwa na anayemrudisha watakuwaje mmoja?