Mjomba aliniuliza nalipwa kwa kazi gani hasa

Julai 2024 nilikuwa nyumbani Ujiji, likizo ya wiki tatu, na mjomba wangu hakuwa na kazi. Ziwa lilikuwa limefungwa kwa mara ya kwanza, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Mvuvi wa dagaa akikosa pa kwenda usiku, usingizi nao haumjii. Anakaa kibarazani na kusikiliza mambo ya watu. Ndivyo alivyonikuta uani saa nane usiku, simu sikioni, naongea Kiingereza kwa sauti ya kubembeleza.

Asubuhi, baada ya shikamoo, akaniuliza kama nina deni au nina mke wa mtu.

"Hapana mjomba, nilikuwa kazini."

Mtu niliyekuwa nambembeleza alikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Saa nane usiku kwetu Kigoma, kwake ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Mimi ni kocha msaidizi wa kuogelea katika chuo kikuu kimoja Marekani, Divisheni II, yaani daraja la pili kati ya matatu, ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo kule. Kanuni zake zinatuzuia kumpigia mwanafunzi simu mpaka Juni 15, anapomaliza mwaka wa pili wa sekondari yao ya miaka minne. Kuanzia siku hiyo makocha wa nchi nzima wanapiga. Wewe ukisema uko likizo Ujiji, mwenzako anapiga.

"Yaani mtoto unambembeleza aje kuogelea?" Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Huku si tunamsukuma tu kutoka kwenye mtumbwi?"

Tangu siku ile watu wengi wa nyumbani wameniuliza swali hilohilo, nalipwa kwa kazi gani hasa, kwa maneno tofauti, nami nimeona niliandike jibu.

Nianze na maji yenyewe, maana hapo ndipo nilipoaibika mwanzoni. Nilijifunza kuogelea Tanganyika, ziwa la mita 1,470 kwenda chini, na nilijiona fundi. Kisha nikaenda kusoma Dar es Salaam, shule yenye bwawa, na kocha akaniweka na watoto wa darasa la sita. Mikono nilikuwa nayo. Tatizo lilikuwa ukuta. Ziwani huwa unaogelea ufike; ukifika umemaliza. Mimi nikifika ukutani nilikuwa naushika, napumua, natazama nyuma, kama mtu aliyefika kwake.

Mabwawa ya vyuo vya Marekani mengi yana urefu wa yadi 25, yaani mita 22.86. Mbio za yadi 200 zina kugeuka mara saba, na kila ukisukuma ukuta unaruhusiwa kwenda chini ya maji hadi mita 15 kabla kichwa hakijatokeza, isipokuwa mtindo wa kifua wenye kanuni yake. Piga hesabu: mwenye pumzi na miguu mizuri anaweza kumaliza zaidi ya nusu ya mbio bila kuonekana. Kwa hiyo saa zangu nyingi za kazi sizitumii kumfundisha mtu kuogelea. Namfundisha kugeuka, na huo ujuzi wote nimeupata nikiwa mtu mzima, kwa taabu, ndiyo maana najua kuufundisha.

Jambo la pili ni hesabu, na hapa mjomba alinielewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Kasi ni umbali wa kila mzunguko wa mikono mara idadi ya mizunguko. Mtu anayepiga mizunguko 45 kwa dakika, kila mmoja ukimpeleka mita 2.2, anakwenda mita 99 kwa dakika. Mwambie "ongeza nguvu", naye atapandisha hadi 48. Mikono ikianza kuteleza na mzunguko ukashuka hadi mita 2.0, anakwenda mita 96. Amechoka zaidi na amekuwa polepole zaidi. Kocha mkuu yuko upande wa pili anawapigia kelele watu ishirini. Mimi natembea kando ya bwawa na saa mkononi, napima mizunguko mitatu mitatu ya mtu mmoja.

"Anapiga kasia kwa hasira," mjomba akasema. Nimelitafsiri neno hilo kule na sasa timu nzima inalitumia.

Zilizobaki ni kazi za karatasi, na ni nyingi kuliko mtu anavyofikiri. NCAA inaruhusu mazoezi ya saa 20 tu kwa wiki wakati wa msimu, siku moja mapumziko, na mwenye kuandika hizo saa ni mimi. Mabasi ni mimi. Chakula ni mimi. Majina ya mashindano ni mimi pia, na hapo nina kidonda: Februari moja, kwenye mashindano makubwa ya kanda yetu, nilimwandikisha msichana yadi 100 kifua badala ya 200. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Aliogelea hiyo 100, akatoka majini, akaniambia "sawa, kocha," akaenda kuoga. Laiti angenitukana.

Halafu kuna pesa za ufadhili. Kwa Divisheni II, timu ya wanaume inaruhusiwa kiasi kinacholingana na nafasi 8.1 za ufadhili kamili, ya wanawake vilevile. Timu ina watu ishirini na kitu. Basi mnakatakata: huyu nusu, huyu robo, yule vitabu tu. Divisheni III hawana ufadhili wa michezo kabisa. Kijana akikwambia "nimepata skolashipu ya kuogelea Marekani", muulize kipande gani.

Kilichomshangaza mjomba kuliko vyote ni kwamba kabla ya mashindano makubwa tunapunguza mazoezi. Wiki mbili tatu za mwisho mtu aliyekuwa anaogelea kilomita nyingi anaogelea chache, lakini kwa kasi ileile. Misuli inajirudi, na muda unaweza kushuka kwa asilimia mbili au tatu. Ukikosea siku, anafika amelegea au bado ana uchovu. Mjomba akaniambia hilo si geni: mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, mnabaki mwaloni Kibirizi mnashona nyavu, na mwenye kutoka kwa tamaa anarudi na hasara ya mafuta. Sikuwa na la kuongeza.

Ngazi ya kazi? Mimi nilianza nikisoma shahada ya pili: chuo kinakulipia ada na posho, nawe unafundisha. Visa ya mwanafunzi hairuhusu zaidi ya saa 20 za kazi kwa wiki muhula ukiendelea, kwa hiyo niliomba nipewe kitu kimoja, waogeleaji wa mbio fupi, nikakijua hasa. Baadaye unakuwa msaidizi wa mshahara, na ukitaka kupanda mara nyingi unahama chuo. Kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi nao huanza kufunga mizigo. Mkishinda, anayehojiwa ni yeye.

Na timu yenyewe inaweza kufa. Chuo Kikuu cha Iowa ndiko kocha David Armbruster na mwogeleaji Jack Sieg walikoukuza mtindo wa kipepeo miaka ya 1930. Agosti 2020 chuo hichohicho kilitangaza kufuta timu zake za kuogelea kwa ajili ya fedha. Ya wanawake ikarudishwa. Ya wanaume haikurudi. Kama Iowa hawana kinga, mimi naishi na sanduku chini ya kitanda.

Vijana wa kwetu Kigoma, wa Katonga na Bangwe, mnaoniandikia: mikono mnayo, sina shaka. Lakini muda wa ziwani hakuna kocha atakayeupokea, hata ukirekodiwa na simu nzuri namna gani. Anataka muda wa bwawa lililopimwa, mita 25 au 50, kwenye mashindano rasmi, pamoja na matokeo yako ya darasani. Mwaka 2024 Collins Saliboko na Sophia Latiff waliiwakilisha Tanzania Olimpiki ya Paris katika kuogelea, kwa hiyo mlango upo. Sisi wa Kigoma tuko mbali na bwawa tu, kituko chenyewe hicho, tumezungukwa na maji.

Siku ya kuondoka mjomba alinisindikiza stendi. Akauliza yule mtoto wa saa nane usiku amesemaje.

"Kachagua chuo kingine, mjomba."

Akanyamaza kidogo. "Si ungeniambia, ningeongea naye mimi."