Je, wajua kwa nini jina la babu likikosewa daftarini hupaswi kulisahihisha?

Wanaofuatilia ukoo wao Masasi, Newala au Lindi, kusini mwa Tanzania, hatimaye huishia kwenye daftari la ubatizo au orodha ya walipa kodi, mara nyingi ikiwa ni picha hafifu kwenye simu ya mpwa. Wanaanza kunakili. Wakikuta "Jasini" wanaandika Yasini na kusonga mbele, wakiamini wamemsaidia babu. Hapo ndipo wanapompoteza.

Historia yenyewe ni fupi. Wamisheni wa Kianglikana walianza Masasi mwaka 1876, kodi ya nyumba ya Wajerumani ikaja 1898, Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wakafika Ndanda 1906, kisha Waingereza wakashika kalamu. Kila mkono na tahajia yake.

Sasa tazama hiyo J. Mjerumani huandika J pale sisi tunapoweka Y: Yusufu kwake ni Jussuf, Myao ni Mjao. Kwa hiyo "Jasini" inadokeza mwandishi aliyezoea Kijerumani, au aliyenakili daftari la Kijerumani. Ukiamua kila J ni Y, Juma naye atakuwa Yuma, maana wapo makarani walioandika J yetu ya kawaida. Kusahihisha papo hapo ni sawa na kufagia uwanja kabla ya kutazama nyayo za mwizi wa kuku: uwanja unapendeza, ila alikopitia hutapajua tena. "Lashidi" vilevile. Huenda ni Rashidi kama alivyotamkwa na mtu wa bara anayeigeuza R kuwa L, karani akaandika alichosikia. Huenda tu, herufi moja haitoshi kumpa mtu kabila.

Nakili hivi: Jasini bin Lashidi [Yasini? Rashidi?]. Ya nje ya mabano ni ya karani, ya ndani ni yako. Jina lililokatwa nalo liandike: [limekatwa: Hamisi].

Hilo lililokatwa ndilo tamu kuliko yote. Wengi huamini jina lililoandikwa juu yake ndilo la kweli, kwa kuwa limekuja baadaye. Lakini Wayao, Wamakonde na Wamakua kwa desturi huhesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ndiye mkubwa wa watoto wa dada yake. Aliyeulizwa "wewe wa nani?" aliweza kabisa kumtaja mjomba, kisha mkono mwingine, kwa wino mwingine, ukamweka baba. Majina yote mawili yanaweza kuwa sahihi.

Umri usikusumbue sana. Ukurasa uliojaa 30, 40 na 50 unadokeza kuwa umri ulikadiriwa tu.

Na ukikuta pia Bakari wa baba yuleyule, kabla hujamwandika kuwa kaka wa babu, waulize wazee. Mvulana akitoka jandoni alipewa jina jipya, akibatizwa akapata jingine. "Ndugu" hao wawili wanaweza kuwa mtu mmoja, ambaye karani wa kwanza alimkuta kabla ya jando na wa pili baada yake.