Abbott Lawrence, mbunge aliyeuza nguo

Mtajie mzee wa pwani merikani, naye atakusuguliasugulia vidole hewani kana kwamba ameishika: nguo ya pamba isiyopaushwa, nzito, ina vidoadoa vya maganda ya mbegu vilivyonasa kwenye uzi. Jina lilitokana na waliotuletea. Katika karne ya 19 merikebu za Salem, Massachusetts, zilishusha majora yake Unguja na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Miaka mingi nimechunguza historia ya vitambaa, na nikiri kwamba ng'ambo ya pili ya bahari nilichelewa kuitazama. Huko nilimkuta Abbott Lawrence.

Alizaliwa Groton, Massachusetts, mwaka 1792. Mwaka 1808 akaenda Boston kujifunza kazi dukani kwa kaka yake Amos, mfukoni ana dola zisizotimia 3, na mwaka 1814 wakawa washirika. Vita na Uingereza vilipokwisha, Abbott alipanda merikebu iitwayo Milo mwaka 1815, akavuka kwenda kununua nguo za Kiingereza kabla wenzake hawajaamka. Zilipofika Boston zilikwisha upesi, maana watu walikuwa wamezikosa muda mrefu.

Baadaye duka likahamia kwenye nguo za viwanda vya nyumbani, hasa vya mji wa Lowell, Massachusetts, na siasa ya mwenye duka ikaifuata bidhaa. Yule aliyetajirika kwa nguo za ng'ambo sasa akawa mtetezi wa ushuru mkubwa dhidi ya nguo hizohizo. Simlaumu sana, wafanyabiashara niliowasoma wengi ndivyo walivyokuwa. Bungeni Washington alikaa 1835 hadi 1837, akarudi 1839, akajiuzulu 1840. Alama yake kubwa haiko huko. Iko kwenye mto Merrimack, ambako kuanzia 1845 yeye na wenzake walijenga bwawa la mawe, mifereji na viwanda, ukazuka mji mzima unaoitwa Lawrence.

Lakini pamba ya viwanda hivyo ilitoka kusini mwa Marekani, ilikochumwa na watumwa. Seneta wa baadaye Charles Sumner aliwaweka fungu moja mabwana wa mijeledi na mabwana wa vitanda vya kufumia.

Maneno hayo aliyatamka Juni 1848, wiki chache tu baada ya chama cha Whig, chama cha Lawrence, kukutana Philadelphia kuteua wagombea. Mgombea urais alikuwa Zachary Taylor, mwenye shamba la pamba na watumwa. Lawrence alitajwa sana kuwa mgombea mwenza, na wapinzani wake wakasema hawataki pamba ncha zote mbili. Akashindwa na Millard Fillmore. Taylor alifariki Julai 1850, Fillmore akawa rais, na Lawrence alikuwa London, balozi wa Marekani. Nikisoma habari hii huwa nasimama hapo kidogo: urais ulimpita kwa sababu ya bidhaa iliyomtajirisha.

Alifariki Boston mwaka 1855. Miaka 6 baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaikata pamba ya kusini, na nguo ya Massachusetts ikaadimika Unguja. Nafasi yake ikachukuliwa na nguo za Uingereza na India, nazo wateja wakaziita merikani vilevile.